Matusi Masafi ya Glenda

Kila asubuhi, kabla hajageuza kibao cha mlangoni kisomeke "Pamefunguliwa", Glenda Thackray hulipiga kofi tangi lake la kuchemshia maji ya chai na kuliambia lilivyo. "Amka, wewe jeneza wa kutupwa," alilisemesha hivyo siku moja ya Novemba, mimi nikiwa nje nasubiri na kitabu kwapani, na kupitia kioo nikaona tangi linatikisika na kuanza kunguruma. Kesho yake lilikuwa kiatu. Keshokutwa lilikuwa sinia. Hakuwahi kurudia neno lile lile siku mbili mfululizo, na tangi nalo halikuwahi kukataa kuwaka.

Baada ya tangi, zamu ni ya wateja.

Mgahawa wa Glenda uko Halifax, Yorkshire, nyuma ya kituo cha mabasi, kati ya kinyozi na duka la mazulia. Ukiingia kwa mara ya kwanza utaitwa kipenzi. "Unataka nini, kipenzi? Kaa popote, kipenzi." Usivimbe kichwa. Kipenzi ni neno la mpita njia, mtu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Anayependwa kweli haitwi kipenzi. Mervyn Pogson, tarishi mstaafu wa posta anayekula mayai yake ya kukaanga pale kila siku ya kazi, ni mtu mfupi mwenye kofia, na kwa Glenda yeye ni ngazi, ni debe, ni mlingoti. Iftikhar, dereva wa teksi aliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo na ambaye kila mtu humwita Ifti, amewahi kuwa beleshi asubuhi na mfuniko wa sufuria mchana wa siku ile ile. Mimi nilibaki kipenzi kwa karibu miaka miwili, nikila tosti yangu pembeni na kusoma, mpaka siku nilipomwaga chai nikijaribu kufungua ukurasa kwa kiwiko. Glenda akaja na kitambaa. "Sogeza miguu, wewe kabati la vitabu," akasema. Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani kama punguani.

Nilisoma isimu chuo kikuu, na ugonjwa wa watu waliosoma isimu ni kwamba hatuwezi kutukanwa kwa amani. Lazima tulifungue tusi tuone mashine yake. Tusi la Kiingereza, hasa la kule kaskazini, lina mashine rahisi mno: wewe, kisha neno la kuongeza uzito, kisha kitu chochote. Kitu chenyewe hakina kosa. Sisi kwa Kiswahili tukitaka kumtukana mtu tunamtafutia kasoro: zuzu, mbwa koko, mwana wa nani sijui. Mwingereza anaweza kuchukua kijiko, kitu kisichomkosea mtu tangu kitengenezwe, akakibandika "wa kutupwa" na kukurushia, na ukajua kabisa kwamba umetukanwa. Si kila kitu kinafaa, hata hivyo. Bora ni chombo kifupi chenye uwazi ndani: ndoo, jagi, birika, upawa. Dhahabu haifai, itakuwa sifa. Alfajiri haifai, utaonekana mshairi. Na ukitaka kurundika maneno ipo foleni yake: kwanza ukubwa, kisha upumbavu, kisha chombo. "Wewe libonge la zuzu la ndoo." Ukipindua foleni, tusi linalegea kama biskuti iliyosahauliwa ndani ya chai, na watu wanakuuliza kama unaumwa.

Yako matusi mengine ya Kiingereza, ya chooni na ya chumbani, nayo yana mashine yake, lakini Glenda hayataki ukumbini mwake. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa, tena lile kanisa dogo la mlimani ambako hata kukohoa kulihitaji kibali, naye alimfundisha kwamba Mungu, mama wa mtu na sehemu za siri haviguswi.

"Lakini hakusema lolote kuhusu vyombo," Glenda husema.

Na juu ya kanuni zote ipo hii: tusi lazima liwe uongo. Mwenye kipara haitwi yai. Mwenye kitambi haitwi ngoma. Ukimtupia mtu jambo la kweli kuhusu mwili wake, hapo umemtukana kikweli, na Glenda atakuita "bwana". Atatamka "bwana", kisha jina lako la ukoo, kwa sauti laini kabisa. Mtu akisikia hivyo anachukua koti lake.

Jikoni alikuwa Neville, mumewe. Kati ya jiko na ukumbi pana kidirisha cha kupitishia sahani, na kwa miaka mingi ndoa yao ilipita humo pamoja na soseji.

"Mayai mawili, maharagwe, tosti, wewe mwiko wa kutupwa!"

"Yanakuja, wewe mlango wa banda la kuku!"

"Na soseji za Mervyn ziko wapi, libonge la zuzu la pasi?"

"Ziulize zenyewe, pazia wee!"

Ungekutana na Neville barabarani angekuinamishia kichwa, basi. Alikuwa mkimya hata kwa daktari wa meno. Maneno yake yote aliyaweka kwa ajili ya kidirisha kile. Sheria yao ilikuwa kwamba chombo kilichotajwa asubuhi hakitajwi tena mpaka kesho, na jibu lizidi swali. Wateja waliacha kutafuna. Ifti ndiye aliyekuwa hakimu: akipiga meza kofi moja, ameshinda Glenda, mawili, Neville.

Februari mwaka jana Glenda aliita, "Mayai mawili, wewe chujio!" na kidirisha hakikujibu. Akaita tena, wewe bomba. Ndipo tukasikia sahani zikivunjika.

Kiharusi. Mkono wa kulia ukawa mzito, mdomo ukaenda upande, na maneno yakaondoka yote isipokuwa matatu. Glenda alipoinama juu ya kitanda hospitalini na kumwuliza kama anamjua, Neville alimtazama kwa macho yake yale yale, akafungua mdomo kwa shida, akasema:

"Asante sana, madam."

Nesi alifurahi. Akasema ni dalili njema, mgonjwa ameanza kusema, tena kwa adabu. Glenda akaenda kulia kwenye ngazi za dharura.

"Sijawahi kuambiwa asante na mtu yule tangu nimjue," aliniambia baadaye. "Hata nilipouza baiskeli yangu tununue jiko. Aliniambia mimi ni kizibo. Sasa ananiona mhudumu wa hoteli."

Kibaya zaidi, Neville alimwambia hivyo kila mtu. Akiletewa uji: asante sana, madam. Akigeuzwa ubavu: asante sana, madam. Daktari bingwa mwenye ndevu za kufika kifuani naye aliambiwa asante sana, madam, na akaitikia.

Aliporudishwa nyumbani, dada yake Glenda aliyeko Bridlington, pwani, akapata nafasi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa iliyo jirani naye, yenye madirisha ya kuelekea baharini. Nafasi ingeshikiliwa mpaka Pasaka. Glenda angefunga mgahawa na kumfuata mumewe huko. Hakusema ndiyo wala hapana.

"Kumbeba naweza," alisema. "Kumwogesha naweza, kumlisha naweza. Lakini nataka kujua namlisha nani. Kama ananijua, haendi popote. Kama mimi ni madam tu, basi madam wengine wapo wengi, tena waliosomea."

Mara mbili kwa wiki alikuja Philippa, mtaalamu wa usemi, msichana mwenye soksi zisizofanana na subira ya ajabu, akileta picha za paka, mti na kikombe. Ndiye aliyemweleza Glenda kwamba maneno tuliyoyarudia maisha yetu yote hayakai pamoja na mengine kichwani. Yamegandana kama ukoko: salamu, sala, nyimbo, asante, matusi. Mara nyingi ndiyo yanayobaki, au ndiyo yanayorudi kwanza.

"Kuna kitu mlichozoea kusema pamoja?" Philippa akauliza. "Anza wewe, umwachie yeye mwisho."

"Kipo," Glenda akasema. "Lakini usishtuke." Akamsogelea Neville, uso kwa uso. "Wewe ni...?"

Neville akafikiri. "Asante sana, madam," akasema.

Philippa hakumficha. Alimwambia kwamba hata Neville akirudisha moja ya yale matusi ya zamani itakuwa furaha, ila huenda ukoko umejibandua wenyewe tu. Yeye angesubiri kitu kipya. Kitu kipya maana yake yuko mtu ndani anayechagua.

Glenda alifungua tena mgahawa mwezi Machi, akipika na kuhudumu mwenyewe, jirani akikaa na Neville. Sisi wateja tukafanya kosa ambalo, nadhani, lingefanywa na watu wa Halifax tu. Tulikuwa na adabu.

Wa kwanza alikuwa Mervyn. Aliingia kofia mkononi. "Habari za asubuhi, Bi. Thackray. Mayai, tafadhali, kama si usumbufu."

Glenda aligeuka kutazama nyuma yake, aone huyo Bi. Thackray ni nani. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi. Thackray."

"Basi mbona unanizika?"

Lakini Mervyn hakuweza. Hakuna aliyeweza. Kumwita birika mwanamke aliyepatwa na msiba kulionekana ukatili, hivyo tukamwita Bi. Thackray, tukasema tafadhali, tukarudisha sahani zetu wenyewe kaunta. Ifti alimfungulia mlango. Kila neno zuri lilimkunja mgongo zaidi, na baada ya wiki moja naye akatuita kipenzi, sote, hata Mervyn. Tangi halikupigwa kofi. Chai ikachelewa.

Alhamisi kabla ya Pasaka, siku ambayo dada alikuwa anasubiri jibu, Glenda alimleta Neville. Sidhani alikuwa na mpango. Alisema tu kwamba kabla hajafunga anataka mume wake aone kidirisha chake mara moja.

Ifti alimleta kwa teksi na kumkalisha kwenye meza iliyo chini ya kidirisha, upande wa wateja, mahali ambapo Neville hakuwahi kukaa maishani mwake. Wateja walikuwa wamemnunulia kikapu cha matunda. Kilikuwa kikubwa cha kutisha: machungwa, zabibu, peasi, na nanasi katikati limekaa kama askofu, vyote vimefungwa karatasi ya kung'aa yenye kelele na utepe wa zambarau. Mervyn alikishika kwa mikono miwili na kukohoa.

"Bwana Thackray," alisema, kwa sauti kubwa na ya polepole, kama mtu anayempigia simu bibi kiziwi. "Sisi. Sote. Tunafurahi. Kukuona."

"Asante sana, madam," Neville akasema.

"Karibu sana," Mervyn akajibu.

Glenda aliweka birika chini. Alizunguka kaunta, akamnyang'anya Mervyn kikapu. "Umemwita nani?"

"Nimemsalimia tu, Bi. Thackray."

"Umemwita mume wangu bwana. Humu ndani! Mtu aliyekuita ndoo tangu ukiwa na nywele, leo unamwita bwana mbele ya kidirisha chake mwenyewe?"

"Ni mgonjwa, Glenda."

"Ni mgonjwa, hajachaguliwa meya! Mmenigeuzia mgahawa duka la majeneza. Mtukaneni!"

Tulitazama sahani zetu.

"Mmeziba masikio? Anayetaka kula leo amtukane kwanza. Ifti, anza."

Ifti, ambaye huwatukana madereva wa mabasi bila kuvuta pumzi, alianza kutokwa jasho. "Neville," akasema. "Wewe... kijiko kidogo kizuri."

"Kizuri? Unamtukana au unamchumbia?"

"Nashindwa, Glenda! Ananiangalia!"

"Mervyn."

Mervyn alitaka sana kufaulu. Tuliona wazi anatafuta chombo: alitazama jagi, akatazama kichupa cha chumvi, akatazama ufagio nyuma ya mlango. Lakini macho yakamrudia Neville usoni, na woga ukamchagulia.

"Wewe mdomo kombo," akasema.

Lilikuwa kweli. Mdomo wa Neville ulikuwa kombo, kila mtu alikuwa akijitahidi asiuone, na sasa ulikuwa umetajwa katikati ya ukumbi. Mervyn alijiziba wake kwa kofia.

Glenda alikuwa bado amekumbatia kikapu, utepe unamning'inia kidevuni, nanasi liko usawa wa pua yake. Sikujua kama angempiga nacho. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa laini.

"Bwana Pogson," alisema, "naomba uchukue koti—"

"Wewe."

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka chini ya kidirisha. Neville hakuwa anamtazama Mervyn. Alikuwa anamtazama mkewe, kuanzia utepe mpaka nanasi, taratibu, jinsi alivyokuwa akitazama yai kabla ya kulipindua. Mkono wake wa kushoto ulishika ukingo wa meza.

"Wewe ki—" akasema. "Ki—"

Ifti alifungua mdomo kumsaidia. Glenda akamkata jicho, Ifti akaufunga.

"Kikapu," Neville akasema. Akavuta pumzi. "Cha matunda." Mdomo ulihangaika, ukaenda huku, ukarudi, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Wa kutupwa."

Ifti akapiga meza. Makofi mawili.

Glenda aliweka kikapu chini kwa uangalifu, kana kwamba ndani yake kulikuwa na mtoto amelala. "Umechukua muda wako, wewe utepe," akasema, na sauti ikamkatikia njiani. Neville alicheka kwa ule upande wa uso uliokuwa unaweza kucheka. Kisha Glenda akamgeukia Mervyn, ambaye alikuwa ameshavaa koti, vifungo vimekwenda shaghalabaghala, na alikuwa akilia kwa niaba yetu sote.

"Kaa chini, wewe stempu uliyelambwa pande mbili. Mayai yako yanakuja."

Akaenda kulipiga tangi kofi.

Dada wa Bridlington alipigiwa simu mchana huo, akaambiwa nafasi wampe mtu mwingine. Philippa alipohadithiwa, alitaka asimuliwe mara mbili, kisha akauliza kama kikapu cha matunda kilikuwa kimewahi kuwemo kati ya matusi yao ya zamani.

"Humu?" Glenda akasema. "Humu hata ndizi haijawahi kuingia."

Philippa akavua miwani, akaifuta, akasema basi Neville amechagua mwenyewe.

Nisikudanganye, hajapona. Kupika hapiki. Hukaa chini ya kidirisha chake, na siku nyingine hakuna neno linalokuja kabisa, anagonga meza tu. Siku njema ana vyombo vichache, na kila kimoja anakifikia kwa jasho. Mchungaji akipita bado anaambiwa asante sana, madam. Philippa aliambiwa hivyo mpaka wiki iliyopita, alipoitwa soksi, akatoka nje mara moja kupunga hewa.

Kwa muda mrefu nilikuwa na swali moja, nami si mtu wa kuuliza maswali. Nililiuliza alasiri moja baada ya kufunga, viti vikiwa juu ya meza, Neville amesinzia, Glenda anafuta kaunta.

"Glenda, siku ile, hukutamani angeanza na jina lako?"

Hakuacha kufuta.

"Jina langu hata msoma mita ya gesi analo."